Kijani hakitoki kwenye majani

Mwezi wa tano dada mmoja alinitumia picha kwa simu: milima ya Nyandarua imetoka kunyeshewa, imepigwa kutoka barabara ya kwenda Njabini. "Nataka zulia la rangi hii." Nikajibu sawa, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa nimesimama dirishani na mbele yangu hakukuwa na kitu kingine ila kijani. Huku Kinangop ukiacha fimbo ardhini wiki moja, inachipua. Nitakosaje?

Uzi haukunipa wasiwasi. Sufu nanunua kwa jirani anayefuga kondoo wa Corriedale, nasokota mwenyewe kwa gurudumu ambalo fundi seremala alimtengenezea mamangu kwa rimu ya baiskeli. Miaka hii yote linalia kii-kii palepale. Kuosha ndiko kulikonifunza adabu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa sufu kwenye maji moto nikaitumbukiza moja kwa moja kwenye maji baridi ya tangi, halafu nikaisugua kama soksi. Iligandamana ikawa kipande kimoja kigumu. Mbwa anakilalia hadi leo, na nadhani ndiye pekee aliyefaidi.

Basi nikachemsha nyuzi na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu, kwa sababu rangi nyingi za mimea bila shabu zinaondoka na maji ya kwanza. Kisha nikaanza kupika majani. Sukuma wiki ikanipa rangi ya mchuzi wa juzi. Thabai, pamoja na kuniwasha mikono yote miwili, ikatoa manjano iliyochoka. Mubangi, yale magugu yenye harufu kali yanayosumbua shamba la mahindi, ikatoa manjano safi kabisa, ya kung'aa, lakini manjano. Nikatia misumari yenye kutu kwenye sufuria ya mubangi. Kijani kikaja, ila cha sare za jeshi. Dada wa watu hakuagiza zulia la kambi.

Nilichokuja kuelewa, baada ya kuni nyingi, ni kwamba ule ukijani wa jani haushikani na sufu, na ukichemka unaharibika. Kinachobaki sufuriani ni manjano iliyokuwa imejificha chini yake. Ukitaka kijani lazima utafute buluu ya kuchanganya na hiyo manjano, na buluu ni nili, rangi inayotoka kwenye mmea.

Nikaagiza nili ya unga. Jirani aliponiona naikoroga akauliza, "Kwani mama, hiyo si bluu ya kufulia mashati?" Kuiona ni hivyo, lakini nili haiyeyuki kwenye maji matupu. Ili iyeyuke: sehemu moja ya nili, mbili za chokaa iliyozimwa, tatu za sukari ya matunda. Mimi sukari hiyo niliitoa kwenye ndizi zilizoiva hadi ngozi ikawa nyeusi, nikazichemsha, nikachuja. Ndoo ikafunikwa, ikawekwa karibu na jiko. Kesho yake juu kulikuwa na utando unaometa kama shaba, na chini maji yamekuwa ya manjano-kijani. Hapo ndipo imekuwa tayari.

Nikazamisha fungu la uzi mweupe, polepole, bila kutia mapovu. Dakika kumi. Nikalitoa.

Lilikuwa kijani! Kijani kile kile cha picha, kibichi, kama nyasi za asubuhi. Nikapiga kelele, nikamwita binti yangu aje aone. Kabla hajavuka ua, uzi ulikuwa umeanza kubadilika kuanzia juu, pale upepo ulipougusa, na alipofika alikuta mama yake ameshika uzi wa buluu. "Mzuri," akasema, akarudi ndani.

Nikajaribu kuzamisha uzi uliokwisha pakwa mubangi. Chokaa ikala nusu ya manjano. Kwa hiyo nikageuza mpango: nili kwanza, kuanika, kusuuza kwa maji yenye siki kidogo ili chokaa isiumize sufu, kisha shabu, mwisho mubangi. Buluu inaingia sufuriani, na baada ya kama nusu saa ukiinua kwa kijiti unaona kijani kinakuja, na safari hii hakikimbii. Uliozama nili mara moja unatoa kijani cha nyasi changa; mara tatu, kile kizito cha msitu wa juu karibu na mawingu.

Sasa mtande, zile nyuzi za urefu, umekaa kwenye kitanda cha mfumi, mweupe, na mshindio, uzi unaopita katikati yake, wa vijani vitano umefika sentimita 40. Ndoo ya nili bado iko karibu na jiko. Ikilala naiongezea maji ya ndizi na chokaa kidogo, inaamka. Watoto wamenuna, wanasema siku hizi ndizi ikiiva nyumba hii si yao.