Kamera ya majini isiingie maji: kazi yangu yote iko kwenye kifuniko cha betri

Kamera nyingi za majini zinazoharibika hazishindwi na kina. Zinashindwa na unywele mmoja, chembe ya mchanga au uzi wa kitambaa uliobaki kwenye mpira wa kifuniko cha betri, huku mwenye kamera amesikia kifuniko kikilia "tik" akaamini kimefungwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ninayoyafanya hufanyika mezani, mikono ikiwa mikavu na taa inawaka vizuri, kabla kamera haijakaribia maji.

Lakini kwanza namba iliyo kwenye boksi, kwa sababu inapotosha watu wengi. IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikatoka salama. IPX8 ni zaidi ya hapo, ila kina na muda anavipanga mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo kamera mbili zenye IPX8 zinaweza kutofautiana sana. Soma mita na dakika, usitosheke na herufi. Kamera ndogo za mita 30 mara nyingi zina kikomo cha dakika 60 kwa mzamo mmoja. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kifaa kipya na safi, kwenye maji yaliyotulia yasiyo na chumvi, yenye joto linalokaribiana na la kifaa. Jua kali, mchanga, losheni na kuanguka sakafuni havimo kwenye kipimo hicho. Na kufaulu IPX8 hakumaanishi kufaulu mtihani wa maji yanayotoka kwa kasi. Huo ni IPX5 na IPX6, na kama hazikuandikwa, bomba lenye msukumo mkubwa lisiguse kamera.

Sasa presha. Kila mita 10 za kina huongeza nguvu ya karibu kilo 1 kwenye kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha sentimita 3 kwa 4 kina sentimita 12 za mraba, kwa hiyo kwenye mita 10 kinasukumwa kwa takriban kilo 12. Msukumo huo unaelekea ndani, yaani unakikandamiza kifuniko juu ya mpira wake. Kwa sababu hiyo uvujaji mwingi hujitokeza kwenye mita ya kwanza au ya pili, pale presha bado ni ndogo mno kuukalisha mpira na mawimbi yanaigonga kamera huku na huku. Mtu akikwambia kamera yake iliingia maji akiwa bado anaogelea juu juu, usimbishie.

Mpira unazuia maji kwa kubonyea. Kifuniko kinapofungwa unatandazika kidogo na kujaza nafasi yote kati ya plastiki mbili. Unywele una unene wa karibu sehemu 7 za mia za milimita. Ukilala juu ya mpira, mpira hupanda juu yake na kuacha mwanya mwembamba kila upande wa unywele, nao unatosha kupitisha maji. Kitu kikilala kwa urefu sambamba na mpira, bila kuukatiza, kinaweza kuvumilika. Kinachokatiza kutoka nje kwenda ndani ndicho kinachoua kamera.

Kwa hiyo nasafisha hivi. Naosha mikono kwa sabuni, naisuuza, naikausha kabisa. Naweka kamera juu ya kitambaa cha maikrofaiba, nafungua kifuniko kikiwa kimeelekea chini kidogo ili vumbi lianguke nje, kisha naelekeza tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni huonyesha uzi ambao mwanga wa juu hauuonyeshi. Vumbi naliondoa kwa kipulizio cha mkono, kwa maana pumzi ya mdomoni huleta mate na unyevu. Kama kuna weupe wa chumvi, nalowesha pembe ya kitambaa kwa maji safi, naifuta taratibu, kisha nakausha kwa pembe nyingine. Vijiti vya pamba na karatasi laini havifai hapa, maana vinaacha nyuzi zilezile unazojaribu kuziondoa. Watu husafisha mpira wakasahau ukingo wa mwili wa kamera ambao mpira huo unaukalia. Chembe iliyokaa kwenye ukingo ina madhara yaleyale, kwa hiyo pande zote mbili nazipitia kwa ncha ya kidole. Kidole huhisi mkwaruzo ambao jicho limeupita.

Grisi ni mada inayowachanganya wengi. Kwenye kamera ndogo mpira umegandishwa kwenye kifuniko, na kama kitabu cha maelekezo hakitaji grisi, usipake. Grisi haizuii maji, kazi yake ni kulainisha, na isipohitajika inakusanya mchanga tu. Kasha la nje, yaani boksi gumu la kuzuia maji ambalo kamera nzima huwekwa ndani yake, ni tofauti. Lina oringi, yaani mpira wa duara, inayotolewa: naikunja kwa vidole viwili mpaka inyanyuke, bila sindano wala ncha ya kisu, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wake haurekebishiki. Grisi ya kiasi cha punje ya mchele inatosha oringi nzima. Oringi ing'ae, isiwe na madonge. Na grisi iwe ile iliyokuja na kasha: grisi ya silikoni inaweza kuvimbisha oringi iliyotengenezwa kwa silikoni, na mafuta ya mgando ya kupaka mwilini huharibu aina kadhaa za mipira.

Kufunga nako kuna utaratibu. Nabonyeza kifuniko katikati, si pembeni, kisha nasukuma lachi (kibanio cha kifuniko), kisha kufuli ya pili kama ipo. Kamera nyingi zina alama nyekundu au ya rangi ya chungwa inayoonekana mpaka kifuniko kifungwe kikamilifu, nami naitafuta hiyo alama kwa macho badala ya kutegemea mlio. Baada ya hapo nakivuta kifuniko kwa kucha kuhakikisha hakichezi. Angalia pia uzi wa mkanda wa mkononi haujabanwa, na betri haijavimba. Betri iliyovimba hukisukuma kifuniko kutoka ndani, na hakuna usafi utakaoifidia.

Joto ni adui asiyezungumziwa vya kutosha. Kamera iliyoachwa juani ikafika nyuzi 50, ikatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 25, hewa iliyo ndani yake husinyaa na presha hupungua kwa takriban asilimia 8. Hiyo ni sawa na kuongeza karibu sentimita 80 za maji papo hapo, tena wakati mpira bado ni moto na umelegea. Naiweka kivulini ndani ya taulo yenye unyevu, au kwenye ndoo ya maji ya kawaida kwa dakika kumi, ndipo naingia nayo.

Ukungu nyuma ya kioo cha lenzi nao chanzo chake ni joto na unyevu, si lazima uwe uvujaji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikipozwa hadi karibu nyuzi 26. Ukifunga kifuniko ukiwa ufukweni katika hewa ya namna hiyo, halafu ukaingia kwenye maji ya nyuzi 24, ukungu ni wa lazima. Hewa ya chumba chenye kiyoyozi, tuseme nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50, haitoi umande mpaka ifike karibu nyuzi 11. Hivyo basi betri na kadi naziingiza kwenye kamera nikiwa chumbani, nafunga, na sifungui tena hadi siku iishe. Jihadhari tu na kinyume chake: kamera iliyotoka kwenye baridi ikifunguliwa nje penye joto, umande hutua juu ya saketi. Isubiri ipate joto la nje ikiwa imefungwa. Kwenye kasha la nje naongeza kifuko kidogo cha silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, nikihakikisha hakigusi oringi.

Kuhusu kuruka na mwendo, kuna hesabu nyepesi. Ukiruka kutoka urefu wa mita 5, kasi yako unapogusa maji huleta presha inayolingana na karibu mita 5 za kina, bila kuhesabu mshtuko wa kugonga uso wa maji. Kamera ya mita 10 bado iko ndani ya kikomo kwa presha hiyo, ila mshtuko unaweza kukipinda kifuniko kwa kitambo kidogo tu, na hicho kinatosha. Kuogelea kwa kasi ya kawaida hakuongezi kitu cha maana. Mimi natumbukia kwanza, kamera napewa nikiwa majini. Mkanda wa kuelea nao ujaribiwe kwenye beseni, kwa sababu kamera nyingi ndogo huzama, na mkanda uliotengenezwa kwa simu huenda usiibebe.

Nikiwa majini, dakika moja ya kwanza naishikilia chini ya uso wa maji, kama nusu mita, nakitazama kifuniko. Mapovu machache yanayotoka kwenye mianya ya vitufe ni hewa iliyokuwa nje, na hukoma. Mapovu madogo yanayofuatana kutoka mshono wa kifuniko bila kukoma ni hewa ya ndani inayotoka. Hapo natoka mara moja, nikiigeuza kamera kifuniko kiwe chini, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuingia yatabaki karibu na kifuniko badala ya kutiririkia lenzi na saketi.

Si kila kamera iliyogoma majini imevuja, lakini. Skrini ya kugusa huchanganyikiwa kwa sababu maji yanapitisha umeme, kwa hiyo mipangilio yote naifanya kabla na kazi ya majini naiachia vitufe. Wi-Fi nayo hufifia ndani ya sentimita chache za maji. Kuiendesha kamera kwa simu ukiwa mbali hakuwezekani. Sauti iliyofifia baada ya kutoka mara nyingi ni maji yaliyokaa kwenye tundu za maikrofoni, nayo hukauka yenyewe. Usizipulizie kwa hewa ya mashine: nyuma yake huwa kuna utando mwembamba unaozuia maji, na ukitoboka ndipo uvujaji wa kweli unapoanza.

Baada ya bahari, kamera isikauke kabla ya kusuuzwa. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, na chumvi ikikauka kwenye mshono inakuwa punje ngumu zinazoukwaruza mpira kila kifuniko kinapofunguliwa. Naizamisha ikiwa imefungwa kwenye beseni la maji safi ya kawaida, dakika 10 hadi 20, nikibonyeza kila kitufe mara kadhaa humo humo ndani ya maji ili chumvi iliyo nyuma yake itoke. Sabuni siweki, kwa kuwa hurahisisha maji kupenya mianya midogo na kuharibu kazi ya utando wa maikrofoni. Kisha naikung'uta, naifuta, naiacha kivulini. Naifungua ikishakauka kabisa, na hapo nasoma kifuniko: matone nje ya mstari wa mpira ni kawaida, tone lolote ndani ya mstari huo ni onyo, hata kama kamera inawaka vizuri.

Maji yakishaingia, jambo la kwanza ni kutoiwasha. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, kutu hula saketi ndani ya dakika chache. Toa betri na kadi. Betri ya lithiamu iliyolowa maji ya chumvi usiichaji tena kamwe. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke inakopokelewa taka za betri. Kadi isuuze kwa maji safi na uikaushe siku nzima, maana picha mara nyingi hupona hata kamera ikifa. Kama yalikuwa ya bahari, suuza sehemu iliyolowa kwa maji yaliyochujwa madini, kwa sababu chumvi ikibaki itavuta unyevu na kuendelea kula. Halafu feni, siku mbili tatu, na mfuko wa silika jeli. Mchele hausaidii. Haukaushi zaidi ya hewa inayopita, na unaacha vumbi la wanga. Na usifungue mwili wa kamera yenye flashi kama huna ujuzi: kapasita ya flashi, kipande kinachohifadhi umeme wake, inaweza kushika volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Mipira huzeeka hata isipotumika. Watengenezaji kadhaa wanashauri ibadilishwe kila mwaka, na hilo nalifuata, kwa fundi mwenye mashine ya kupima presha baada ya kazi. Losheni ya jua na dawa ya mbu yenye DEET huharakisha uchakavu wa mpira na plastiki, hivyo nazipaka baada ya kufunga kamera na kunawa kabla ya kuishika. Kamera iliyoanguka kwa nguvu naihesabu kuwa si ya majini mpaka ipimwe, hata isipoonyesha ufa. Iliyowahi kuvuja ikapona naitumia kwenye mvua tu.