Siku 28

Barua ya kuacha kazi niliiandika Ijumaa usiku, nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye droo ya dashibodi ya gari langu, IST. Tarehe niliyoweka ilikuwa Jumatatu, 31 Oktoba 2022. Sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo kabla ya Desemba ningekuwa sina bosi.

Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Jumamosi nilikuwa nasafisha magari uani kwa mjomba, Tabata. Sisemi kuosha; kuosha kila kijana mwenye ndoo anaosha. Mimi nilikuwa nang'oa siti, nazipiga povu na brashi, nazianika juani. Taa zilizochomwa na jua mpaka zikawa njano nilizisugua kwa msasa wa maji, namba 800, 1000, 2000, kisha kampaundi ya kung'arisha, mpaka unadhani gari limeshuka melini jana. Mteja mmoja nilimrudishia taa bila kuzipaka dawa ya kuzuia jua. Miezi mitatu tu akaja nazo, njano vilevile. Nilirudia bure, na aibu yangu juu.

Daftari ndilo lililonidanganya. Jumamosi nzuri nilipata magari matano, kila moja 40,000 kwa wastani. Hiyo ni 200,000. Nikazidisha kwa siku 26. Karani wa hesabu mzima! Jibu lilikuwa 5,200,000 kwa mwezi, na mshahara wangu haukufika robo yake.

Kesho yake ikawa Jumamosi. Mto Ruvu, unaotupa maji mjini, ulikuwa umepungua kwa ukame na mgao wa maji ulikuwa umeshatangazwa, lakini mimi nilijipa moyo kwamba mjomba ana tangi. Saa nne asubuhi, Harrier nyeusi imejaa povu kuanzia paani hadi kwenye rimu, mpira wa maji ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza. Povu likikaukia juani kwenye rangi nyeusi linaacha madoa yanayokula nusu siku kuyatoa. Dogo ninayefanya naye kazi akatimka barabarani kutafuta mkokoteni wa madumu. Mimi nikabaki nalizunguka gari na kitambaa kibichi, nikitoa huku, kule kunakauka. Dumu la 300 siku hiyo lilikuwa 800. Tukanunua kumi na mawili.

Mwenye gari, afisa wa ofisini kwetu, alikuwa kwenye benchi na simu yake. Nikamwomba radhi.

"Usijali bwana. Hata likibaki doa, Jumatatu si tupo wote kazini?"

Usiku mke wangu aliomba daftari. Alilipitia kurasa kadhaa, kidole kikitembea kwenye majina.

"Baba Junior, hawa si wote wa ofisini kwenu?"

"Si wote."

Akahesabu. Kati ya 23, walikuwa 17.

"Sawa. Na Jumanne, nani analeta gari?"

Nikajifanya naenda kuoga. Maji yenyewe yalikuwa kopo mbili.

Jumatatu niliingia kwa meneja na karatasi nyingine kabisa, ya kuomba likizo yangu ya mwaka. Nayo ni siku 28. Alidhani naenda kijijini, akaniuliza nitamletea nini, nikacheka tu. Ile ya kwanza iliendelea kulala kwenye droo.

Likizo ilianza katikati ya Novemba. Jumanne ya kwanza nilifungua geti saa moja asubuhi, ndoo mbili zimejaa, vitambaa vimekunjwa, dogo kavaa buti. Saa tano tukanywa chai. Saa saba mjomba akapita akatutazama, akasema joto leo, akaingia ndani. Saa tisa ikasimama bajaji yenye vumbi hadi kwenye kioo.

"Kaka, mnaosha na hizi?"

"Tunaosha."

"Bei gani?"

Bei ya bajaji sikuwa nimewahi kuifikiria. Nikasema elfu tatu, akasema mbili, nikachukua ndoo. Alipoondoka nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika: Jumanne, 1.