Majini wa Daevabad kwenye Meli ya Bukoba

Ilikuwa 2021, mwaka mmoja tangu MV Victoria irudi kazini baada ya matengenezo marefu. Nilipanda jioni bandarini Mwanza kwenda Bukoba kwenye shughuli ya ukoo. Jirani yangu kitini alikuwa bibi wa Kihaya aliyekuwa akirudi Kemondo na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha macho yakamtua mapajani kwangu.

"Kinene hivyo, kitabu cha dini?"

"Hapana, bibi. Hadithi ya majini."

"Basi simulia, usiku wenyewe mrefu. Ila kama haina mwisho usinianzishie."

Nilicheka, maana hata mimi siku hizi nina sharti hilo hilo. Kuna hadithi nyingine niliyowahi kungojea kitabu chake cha mwisho mpaka majina ya wahusika yakanitoka kichwani. Hii imekamilika: The City of Brass cha 2017, The Kingdom of Copper cha 2019 na The Empire of Gold cha 2020, vyote vya mwandishi Mmarekani S. A. Chakraborty. Nilivibeba vyote vitatu, kimoja mapajani na viwili begini, vya kuazima kwa binamu yangu wa Nairobi.

Nikaanza na Kairo ya karne ya 18, Wafaransa wakiwa mjini. Nahri ni binti asiye na baba wala mama, anaishi kwa ujanja: anasoma viganja, anauza dawa, anawaibia wenye nazo. Anaitwa kwenye ngoma ya kumpunga mtoto mwenye pepo. Mwenyewe haamini mambo hayo, kafuata hela. Katikati ya ngoma anaimba kwa lugha ambayo hajapata kukutana na mwenzake anayeijua, kumbe anamwita jini shujaa wa vita, Dara.

"Kachezea ngoma huyo!" Bibi akapiga paja.

Mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya kueleza maneno magumu. Bibi hakuihitaji. Nabii Suleimani kuwatiisha majini na kuwagawa makabila sita, muhuri wake, maifriti wenye kinyongo cha karne nyingi, yote yalipita bila swali. Mjukuu ndiye aliyekuwa akinikatiza, na alipokosa subira akakichukua kitabu na kuanza kujisomea kwa tochi ya simu.

Nikafika Daevabad, mji wa majini wenye kuta za shaba. Umezungukwa na ziwa, na ziwa hilo limelaaniwa na marid, viumbe wanaoishi ndani ya maji. Anayegusa maji yake huraruliwa.

Bibi hakupiga paja tena. Alitoa kipande cha gazeti kilichosokotwa, akakifungua, akanipa punje za kahawa ya kutafuna, naye akatia mbili kinywani.

"Kwetu huyo ni Mugasha," akasema. "Mwenye ziwa na mwenye upepo. Wazee wetu hawakuingia na mtumbwi bila kumpa chake. Ng'ambo kwa Waganda wanamwita Mukasa, makao yake visiwa vya Ssese."

Kwa mwendo wa taratibu, meli ikiyumba kidogo, akanisimulia ya Mugasha kwa muda mrefu kuliko nilivyomsimulia ya Nahri, na kwa ufundi zaidi. Zamu yangu iliporudi nikarukia kitabu cha tatu, ambako Mto Nile una mwenyewe: Sobek, mungu wa Misri ya kale mwenye sura ya mamba, ambaye humo ni marid. Hata Tiamat, mama wa bahari wa Babeli, yumo.

"Nile? Kagera yetu inaingia humu ziwani, maji yanatokea Jinja. Basi mamba wenu huyo anakunywa ya kwetu."

Sikuwa na la kubisha.

Nilimwambia pia kasoro zake, maana sipendi kumsifia mtu kitu kisha akute vingine. Kitabu cha kwanza kinajaza makabila na fitina za ikulu mpaka unapotea; cha tatu kingepunguzwa kurasa nyingi. Cha pili ndicho kitamu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila upande una haki yake na damu mikononi mwake. Shafit, machotara wa binadamu na majini, wanakandamizwa ndani ya mji ule, na mwana wa mfalme, Ali, anawasaidia kwa siri. Mama yake Ali ni wa kabila ambalo nchi yake iko huku kwetu Afrika Mashariki.

"Huyo Dara ana miaka mingapi?" bibi akauliza alfajiri, Kemondo ikikaribia.

"Elfu na mia kadhaa."

"Nahri amwache. Achukue huyo Ali, ana adabu."

"Bibi! Dara ndiye mwenyewe!" mjukuu akaruka.

Wakabishana hadi meli ikafunga kamba na mpagazi akatwaa kikapu chao. Binti akashuka na kitabu kwapani. Nikamwita, nikamwambia hicho ni cha watu.

"Nitakirudisha, kaka. Na vile viwili?"

Nikafungua begi nikampa. Binamu yangu alinisumbua mpaka nikamnunulia vingine, na bei yake sitaji hapa.