Siku moja maishani mwangu: kuitikisa ramani ya mvua

Saa mbili asubuhi nimeshakaa mezani, chai ya rangi pembeni. Watu wakisikia nafanya kazi ya data za mvua hudhani natabiri hali ya hewa. Hapana. Mimi napima kama ramani ya kanda za mvua inaaminika, kabla mtu hajaitegemea. Safari hii ni bima ya mazao: mkulima akiwekwa kanda isiyo yake, ukame utampiga na fidia haitakuja.

Hadi saa nne nasafisha data za CHIRPS, yaani mvua ya setilaiti iliyochanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini tangu 1981, Tanzania ikiwa imekatwa miraba ya kama kilomita tano kila upande.

Saa nne na nusu simu inaita. Afisa wa mradi. "Dada, si ulishatuonyesha ramani? Itume hiyo hiyo, mabosi wanaisubiri."

Namweleza tena. Ukiiambia kompyuta iipange miraba katika makundi sita yenye mvua zinazofanana, itapanga sita, hata kama kiuhalisia yapo mawili. Haikatai. Kwa hiyo naitikisa: nachagua miaka kwa bahati nasibu, mingine ikijirudia, mingine ikiachwa, napanga upya, nalinganisha.

"Si itakuja ile ile?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta, kaka yangu."

Na mwaka siukati Januari. Msimu wa Dodoma na Singida huanza Novemba na kuishia Aprili, ukikata Januari umeupasua katikati. Najaribu pia kuondoa sehemu za ramani, lakini sitoi mraba mmoja mmoja, maana mraba jirani una mvua ile ile na utaziba pengo. Natoa eneo zima. Namba za makundi nazo hubadilika kila mzunguko, kwa hiyo naangalia jozi: miraba miwili iliyokuwa pamoja, bado iko pamoja? Kipimo cha Rand kilichorekebishwa hutoa 1 mipango ikilingana kabisa, na karibu na 0 ikilingana kwa bahati tu.

Mchana saa zinapotea. Makundi mawili yanasimama imara: kaskazini yenye vuli na masika, kwingine msimu mmoja. Hilo kila mkulima analijua. Sita yanayumba, na miraba ya Kilosa ndiyo inayonitesa. Vuli ya 1997, ile ya El Niño, ikiingia mara mbili, miraba hiyo inahamia kundi la kaskazini. Vuli hiyo ikiachwa, inarudi kundi la msimu mmoja. K-means, mbinu moja ya kupanga makundi, inasema hivi; mbinu nyingine, ya Ward, inasema vile. Macho yanawaka, mgongo umekaza. Narudia tena, kwa sababu kwenye miraba hiyo kuna mashamba ya watu.

Giza limeingia ndipo naituma ramani, ule ukanda wa mpakani unaoyumba nimeupaka kijivu. Simu papo hapo.

"Dada, huu ukanda wa kijivu ni nini?"

"Hapo msimwandikie mkulima mkataba kwa ramani yangu peke yake. Tafuteni kwanza daftari za vituo vya mvua vya huko."

Amenyamaza kidogo, kisha akauliza daftari hizo zinaombwa wapi.