Denver hadi Salt Lake City kwa gari-nyumba, bila kupanda I-70

Wengi wanaopanga safari ya gari-nyumba magharibi ya Marekani hutafuta kwenye ramani sehemu yenye mita nyingi kuliko zote juu ya usawa wa bahari, kisha wakaikwepa. Mita hizo peke yake hazisemi kitu. Kinachochemsha injini na kuunguza breki ni ukali wa mteremko pamoja na urefu wake. Katika jimbo la Wyoming unaweza kutembea saa nzima juu ya mita 2,000 bila kusikia gia ikibadilika, halafu ukaja kunusa breki kwenye kilima cha mwisho, mji ukiwa umeshauona.

Barabara kuu ya I-70 ndiyo njia ambayo simu hupenda kukupa ukitokea Denver. Inapanda hadi Handaki la Eisenhower, mita 3,401. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo unafika pale na theluthi mbili tu ya nguvu uliyolipia. Upande wa pili unashuka hadi Silverthorne, mita 2,750 hivi, ndani ya kilomita 13. Toa, gawanya: karibu asilimia 5, yaani mita 5 za kushuka kwa kila mita 100. Lakini huo ni wastani, na wastani ni mwongo mpole, kwani kuna vipande vya asilimia 7 humo ndani. Ukishamaliza hapo, njia ya mlimani ya Vail Pass bado inakungoja na mita zake 3,250.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Gari la tani 10 kwenye mteremko wa asilimia 6, spidi ya kilomita 72 kwa saa, linasukumwa na nguvu ya kilowati 118 hivi. Upepo na tairi hula kama theluthi. Zinazobaki lazima zimezwe na injini au breki, na ukiziachia breki peke yake ni sawa na kuwasha pasi za umeme zaidi ya 50 ndani ya magurudumu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishavuta unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mapovu ya mvuke yanaingia kwenye mfumo, mvuke unabanwa, na kanyagio linazama hadi chini bila gari kupungua. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili, hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu.

Sasa njia. Kanuni ninayoiamini kuliko programu yoyote ni hii: fuata reli na mto. Treni haziwezi vilima, na reli kuu za kuvuka bara hilo zilijengwa kwa mwinuko usiozidi asilimia 2.2 hivi. Mwaka 1869 kampuni ya reli ya Union Pacific ilifika Ogden, Utah, kwa kupita bonde la mto Weber, na barabara ya I-84 imelala humohumo.

Kwa hiyo kutoka Denver panda I-25 hadi Fort Collins, shika US 287 hadi Laramie, kisha I-80 kuelekea magharibi. Ukipitia Cheyenne utavuka kilele cha Sherman Summit, mita 2,633, na kushukia Laramie kwenye mteremko wa asilimia 5 hivi. US 287 inakuepusha na huo. Umbali mzima unakaribiana sana na ule wa I-70. Kabla ya Evanston kuna vilima vitatu vilivyofuatana, madereva wa malori huviita Dada Watatu. Ni vikali, lakini vifupi.

Ukifika Echo, Utah, usiendelee na I-80. Mbele yake kuna kilele cha Parleys Summit na mteremko wa asilimia 6 unaokutema moja kwa moja kwenye msongamano wa Salt Lake City. Ingia I-84 hadi karibu na Ogden, kisha I-15 kusini. Unaongeza kama kilomita 40, na hakuna kilomita 40 rahisi kuliko hizo katika safari nzima.

Wyoming inakuondolea mlima ikakulipisha upepo. Kati ya Laramie na Rawlins, hasa jirani na Elk Mountain, barabara hufungwa kwa magari marefu ya kwenda juu yaliyo mepesi, na gari-nyumba ni hilohilo. Angalia taarifa za barabara za jimbo asubuhi ya siku ya kuondoka, ondoka mapema, na kama upepo wa ubavuni unapita kilomita 65 kwa saa, lala.

Kukagua njia nyingine yoyote, chora mstari juu ya barabara kwenye Google Earth ya kompyuta, kisha fungua mchoro wa kimo. Gawanya vipande vya kilomita 2, si 10, maana kipande kirefu huficha ukali. Tahadhari: programu husoma ardhi, haisomi lami. Penye handaki itakuonyesha mlima ulio juu yake, penye daraja itakuonyesha korongo. Na usidhani GPS ya magari-nyumba inatosha. Nyingi hukagua kimo cha kupita chini ya madaraja na uzito, si ukali wa mteremko; kutoka Jackson, Wyoming, kwenda Idaho Falls njia fupi hupita Teton Pass, asilimia 10, wakati US 26 kupitia Alpine inafuata mto Snake kwa utulivu.

Miteremko michache itabaki hata hivyo. Chagua gia ya chini kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya kilima umeshachelewa, gia boksi inaweza kukataa. Spidi ikifikia kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa nguvu hadi ipungue kilomita 8 kwa saa, achia kabisa, ngoja ipande tena. Kukanyaga kidogokidogo mfululizo ndiko kunakopika pedi. Gari dogo unaloburuta nyuma liwe na breki zake. Na ukitokeza kwenye mdomo wa bonde la Weber, shika usukani kwa mikono miwili: upepo wa mashariki hutokea palepale, wakati dereva ameanza kulegea.