Siku moja ya msaidizi wa darasa la kwanza Ufini

Wanaosifia shule za Ufini hutaja walimu wenye shahada ya uzamili na watoto wasiosumbuliwa na mitihani. Korido ya kuvulia makoti haitajwi, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko hapo. Mimi ni msaidizi wa shule. Sifundishi kama mwalimu, silei kama yaya, ila kuna saa nafanya yote mawili kwa mpigo. Shule yetu ni ya manispaa, kusini mwa nchi, na darasa ni la kwanza, watoto wa miaka saba. Leo ni Alhamisi ya Januari, nyuzi 12 chini ya sifuri.

Saa 1:45 asubuhi. Nje bado giza totoro, jua litachomoza saa tatu asubuhi ikishapita. Mimi na mwalimu wa darasa tuna dakika tano za kuangalia ujumbe wa wazazi kwenye Wilma, mfumo wa mtandaoni wa mawasiliano kati ya shule na nyumbani: nani mgonjwa, nani hakulala, nani anachukuliwa mapema. Napanga kadi za picha ubaoni kwa mfuatano wa siku, kwa sababu kuna mtoto ambaye asipoona kinachofuata hatulii. Yeye huja kwa teksi ya shule. Anayekaa zaidi ya kilomita tano, au ambaye njia yake ni ngumu au ya hatari, husafirishwa bure. Theluji ikianguka usiku teksi inachelewa, mtoto anaingia wenzake wameshaanza, na asubuhi yake yote inaharibika. Kwa hiyo kadi ya teksi nayo ipo, ya kuonyesha kwamba kuchelewa nako kumo kwenye mpango.

Saa 2:15 hadi 3:45, vipindi viwili vya dakika 45, kusoma na hesabu. Kusoma huanza kwa silabi zilizotenganishwa kwa vistari, ka-la, ta-lo, tukipiga makofi. Watoto wa nyumba za Kiswahili hushika hapo upesi. Wanakwama kwenye urefu wa sauti: tuli, tuuli na tulli ni vitu vitatu tofauti, na sikio ambalo halijazoea linasikia kimoja. Mwalimu wa elimu maalumu anaingia kipindi cha pili na kuketi na kikundi kidogo. Hakuna barua wala uamuzi unaohitajika kwa hilo. Tangu Agosti 2025 ngazi tatu za msaada zilizokuwepo tangu 2011 zimeondolewa. Msaada wa kikundi huanza mara moja, na usipotosha ndipo hutafutwa msaada wa mtoto mmoja mmoja, kwa uamuzi rasmi.

Saa 3:45, mapumziko. Hapa ndipo siku yangu inapoliwa.

Watoto wote hutoka nje, na mapumziko ni nusu saa. Kila mtoto ana suruali ya theluji, buti, koti, kitambaa cha shingo, kofia na glavu, mara nyingine jozi mbili. Mpangilio una maana. Kwanza choo, kabla ya kitu chochote. Pili soksi za sufu, zivutwe juu ya suruali ya ndani. Tatu suruali ya theluji, kisha buti, na ule mkanda wa mpira upite chini ya soli ili theluji isipande mguuni. Nne kitambaa cha shingo kabla ya koti, maana kikiwekwa baadaye kinaingia kwenye zipu. Halafu koti, kofia, na glavu mwisho kabisa.

Mtoto wa miaka saba huanza na glavu. Akishazivaa vidole havina kazi tena, zipu haishikiki, ananyoosha mikono na kunisubiri. Wakati huo mwingine amevaa buti kabla ya suruali, inabidi arudi mwanzo. Zipu ya wa tatu imeuma kitambaa cha ndani: hiyo usiivute juu, irudishe chini taratibu huku ukikaza kitambaa pembeni. Na wa nne, amefungwa mpaka kidevuni, anakumbuka kukojoa.

Kuwavalisha ni haraka kuliko kuwafundisha kuvaa, na hapo ndipo msaidizi mgeni hujichimbia shimo. Ukiwavalisha Agosti utawavalisha hadi Aprili. Mimi hufunga zipu sentimita mbili za kwanza, zinazobaki ni zake. Dakika kumi na mbili zinapita hivyo. Tukirudi ndani tunafanya yote kinyumenyume, na glavu zilizolowa zinaingia kwenye kabati la kukaushia. Zikisahaulika sakafuni, mapumziko yajayo kuna mtu anatoka na mikono mibichi na kulia.

Saa 4:30, chakula. Sheria ya mlo wa bure kwa wote ni ya 1943, ikaanza kutekelezwa kikamilifu 1948. Siku za kawaida sahani hugawanywa: nusu mboga, robo viazi au wali, robo nyama, samaki au maharage, pamoja na maziwa na mkate mkavu wa rai, nafaka jamaa ya ngano. Alhamisi, kwa desturi ya nchi, ni supu ya njegere kavu na keki bapa ya kuoka yenye jamu. Supu mara nyingi ina nguruwe, hivyo mstari wa vyakula maalumu naukagua mwenyewe. Watoto hujipakulia. Trei moja huanguka karibu kila siku.

Baada ya kula ndipo kelele zinapowazidi baadhi yao. Mtoto akilipuka, akirusha kiti, mimi husimama ubavuni mwake, sio mbele, sauti chini, maneno matatu tu: "Njoo, tupumzike, pamoja." Hakuna "kwa nini", kwa sababu wakati huo jibu hana. Wenzake wanahamia pembeni na mwalimu. Tunakwenda chumba kidogo tukiwa na viziba-sauti vya masikioni na saa ya mchanga ya dakika kumi. Nitamshika tu kukiwa na hatari. Kisha naandika: kilichotangulia, kilichotokea, kilichosaidia. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa kwenye kikao, hivyo huandikwa hata kama mikono inatetemeka.

Mchana, sijui hata saa ngapi, kikao na mzazi aliyetoka Kongo, kuhusu uamuzi wa msaada wa mtoto wake. Mkalimani yuko kwenye simu ya spika. Kiswahili nakijua, lakini sitafsiri: mfanyakazi hawezi kuwa upande wa shule na sauti ya mzazi kwa pamoja, na mtoto wa familia ndiyo kabisa hatumiwi. Sheria inataka mzazi asikilizwe kabla ya uamuzi. Mama ananigeukia mimi badala ya simu.

"Dada, mnasema mtoto wangu ni mjinga?"

"Hapana, mama. Mwalimu atakueleza."

Anaelezwa kwamba mtoto anabaki shule hiyo, kwamba msaada hupitiwa upya, kwamba anaweza kukata rufaa. Akitaka kuzungumza na mwanasaikolojia au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, nafasi lazima ipatikane ndani ya siku saba za kazi, na jambo la dharura siku hiyo au inayofuata. Watu hao tangu 2023 wako chini ya maeneo ya ustawi, yaani mamlaka za mikoa za afya na huduma za jamii, na isipokuwa Helsinki manispaa haiwaajiri tena, kwa hiyo kilichosemwa kwao hakifiki kwa mwalimu chenyewe. Hili huwachanganya wazazi wote, wenyeji nao.

Darasa la kwanza halizidi vipindi vitano kwa siku, wazazi wako kazini, ndiyo maana wadogo hubaki kwenye shughuli za mchana, na baadhi yetu wasaidizi huendelea nao mpaka saa kumi na zaidi. Vitafunio, kuchora, halafu nje tena. Maana yake kuvaa tena, safari hii kukiwa na giza na mgongo umeshachoka. Mikataba mingi ya kazi hii husimama kipindi cha kiangazi, Juni hadi Agosti, bila mshahara, na saa za kikao na za kuandika hazilipwi vizuri popote nilipofanya. Kesho ni Ijumaa, nyuzi 15 chini ya sifuri. Wazazi, andikeni majina kwenye glavu, zote mbili.