Vimbunga vya masika: kipi kinahesabika mapema, kipi hakihesabiki

Kila masika husambaa jumbe za simu zinazotaja tarehe ya kimbunga miezi miwili au mitatu kabla. Zipuuzeni. Kinachokadirika mapema ni kipindi cha hatari, tena kipana cha wiki mbili hivi. Siku yenyewe haijulikani, wala mahali.

Msimu mkuu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, lakini kwetu Unguja na Pemba wa kuchungwa zaidi ni mwisho wake. Kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872 kilipiga Aprili. Cha Lindi 1952, Aprili. Kenneth 2019 na Jobo 2021, Aprili pia; Hidaya ilifika Mafia 4 Mei 2024. Januari na Februari ukanda wa mvua huwa kusini mno, na vimbunga huishia Madagaska na Msumbiji. Kaskazi ikishavunjika, ukanda ule huanza kurudi huku bahari ingali na joto la zaidi ya nyuzi 26.5, basi vimbunga huweza kuzaliwa karibu zaidi na sisi. Kinachotukinga ni ikweta: Pemba iko nyuzi 5 tu za latitudo kusini yake, na huko msukumo wa mzunguko wa dunia ni hafifu mno kuukunja upepo.

Ndani ya msimu ndimo unamoingia mzunguko wa Madden-Julian, uliotambuliwa mwaka 1971. Ni kundi kubwa la mawingu ya mvua linalokwenda mashariki kuizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Idara ya hali ya hewa ya Australia huonyesha kila siku lilipo, kwa grafu yenye awamu 8. Awamu ya 2 na ya 3 ni Bahari ya Hindi. Chukua grafu za tangu Desemba, andika tarehe ambazo alama ilipita awamu hizo ikiwa nje ya duara la katikati (yaani nguvu imezidi 1, ikiwa ndani, usiihesabu). Tafuta wastani wa siku kati ya pito moja na jingine, ujumlishe kwenye pito la mwisho, kisha weka wiki moja mbele na wiki moja nyuma.

Hesabu hii huvutia kuliko inavyostahili. Idai ilipiga karibu na Beira, Msumbiji, 14 Machi 2019, Kenneth ikapiga Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, 25 Aprili: siku 42, utadhani imepangwa. Lakini kati ya sehemu hizo mbili kuna takriban nyuzi 8 za latitudo. Aliyekuwa akingoja Beira tena angengoja bure. Mara nyingine kundi hufia kwenye visiwa vya Indonesia, na pito linalofuata likachelewa au lisitokee kabisa. Hata likija kwa wakati, upepo wa juu ukivuma tofauti sana na wa chini, mawingu hukatwa vichwa na kimbunga hakijengeki. El Niño nayo, jamani, isichanganywe na haya: kwetu huzidisha sana mvua za vuli, na mvua za vuli si kimbunga.

Linalojulikana kwa hakika mwaka mzima kabla ni bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo. Kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa hufika karibu mita 4, kwa hiyo upepo uleule ukivuma wakati wa maji mafu (kupwa na kujaa kudogo), bahari huenda isifike kwenye vibanda vya dagoni, kambi za wavuvi, na wakati wa bamvua ikavibeba. Kipindi chako kikiangukia mwezi mpevu au mwandamo, mashua zivutwe juu mapema.

Kipindi kikishaingia, achana na grafu, fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na soma mgandamizo wa hewa. Baadhi ya simu zina kipimo chake. Hapa hupanda kila siku hadi kilele cha saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi jioni, tofauti ya hektopaskali 3 hivi, na wengi hutishika kwa mshuko huo wa kawaida. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi za siku zilizopita, simu ikiwa mahali palepale, kwani kupanda ghorofa tatu tu hupunguza kama 1. Ukiwa umepungua kwa hektopaskali 3, shuku. Ukipungua kwa 5, chombo kisitoke.